Kipa Kwenye Orodha ya Wafu

Nürnberg, 4 Septemba 2012

Shemeji Veturia,

Ni mimi, Sever Dragotă, kipa. Najua hukuutarajia mwandiko huu. Kama mkono umeshakuwasha kuichana barua, vumilia ufike mwisho, halafu uichane upendavyo.

Anwani yako nimepewa na mpwa wa Tiberiu, yule aliyekuwa kipa wetu wa akiba. Kijana yuko huku, anapaka rangi nyumba za watu. Ndiye aliyeniambia kwamba klabu yetu, Ortacul, imekufa. Anasema mwezi uliopita mlipeleka wachezaji sita kwenye mechi ya ligi ya mkoa, mwamuzi akawahesabu mara mbili, akapuliza filimbi, na miaka themanini na minane ikaishia hapo. Nilicheka kwanza, nikidhani ananitania. Halafu nikaingia chooni nikafunga mlango, maana nina miaka sitini na mitano na sikutaka mtoto wa watu anione nalia kwa ajili ya mpira.

Timu ya wachimba makaa, shemeji. Babu zetu waliianza kwa jezi zilizoshonwa kwa mapazia, na sisi tukachukua Kombe la nchi mwaka 1979 mbele ya watu wa mji mkuu. Petru wako alipiga mpira wa adhabu dakika ya themanini na tatu, ukagonga mwamba ukaingia. Mimi nikapangua penalti dakika ya mwisho, nikavunjika kidole, na kidole hicho mpaka leo kinanipa habari za mvua kabla ya redio. Tuliporudi, zamu ya asubuhi ilikuwa imejipanga barabarani na nyuso nyeusi, hawakwenda hata kuoga. Mwaka uliofuata tukawatoa Wahispania wa watu kwenye tope letu. Na Oktoba 1981 tukaja huku Ujerumani, raundi ya pili ya Ulaya. Timu ikarudi nyumbani bila mimi.

Nina maombi mawili. La kwanza, ile picha ya timu na Kombe, iliyokuwa imetundikwa ofisini kwa klabu. Mimi sina hata moja, na binti yangu Karin hajawahi kuniona nikiwa na glovu mkononi. La pili ni gumu kidogo. Habari za kifo cha Petru nilizipata mwaka 1990, kwa mtu wa kupita tu, pamoja na za mama yangu. Nililala na Petru chumba kimoja ugenini miaka tisa. Nataka kujua kama alinitaja, na alinitaja vipi. Nipe ukweli, usiupunguze.

Wako,
Sever


Poiana Surdă, 17 Septemba 2012

Sever,

Usiniite shemeji. Shemeji ni mtu anayefika msibani. Wa Petru hukufika, wala wa mama yako, na usiniletee habari za mipaka. Mipaka ilifunguliwa mwaka 1989 na makaburi hayajahama.

Picha ipo. Ninayo mimi, pamoja na Kombe lenyewe na vikombe vidogo ishirini na viwili, vyote ndani ya chumba nilichokuwa nafulia jezi zenu. Lakini usifurahi mapema. Ulipobaki huko walikuja watu wa usalama, wakaona ni usumbufu kuipiga picha upya timu nzima, wakabandika kichwa cha Tiberiu juu ya shingo yako. Mabega ni yako, kichwa ni cha Tiberiu. Anaonekana kama njegere juu ya kabati. Tiberiu mwenyewe kila akiiona hugeuka.

Ulichomfanyia Petru hujui, au unajifanya hujui. Alikuwa nahodha, alilala nawe chumba kimoja, kwa hiyo wewe ulipotoroka yeye ndiye aliyejibu. Sote tulijua kwamba wachezaji ni wachimbaji wa kwenye karatasi tu, wanafika shimoni siku ya kutia saini. Yeye walimpa taa na koleo kwelikweli. Beki bora wa kushoto nchi hii, miaka minne na miezi minne chini ya ardhi. Februari 1986 gesi ikalipuka. Waliniletea jeneza limepigwa misumari, wakaniambia nisilifungue. Binti yetu Lidia alikuwa na miaka minne.

Sasa unauliza alikutaja vipi. Hakukutaja. Alikuandika.

Ile karatasi ya timu unaikumbuka. Nyinyi hamkuruhusiwa kuonekana kanisani, ila mfua jezi hakuna aliyemwangalia, basi kila Jumamosi mimi ndiye niliyempelekea Padri Visarion majina yenu, upande mmoja walio hai, upande wa pili wafu, majina ya ubatizo matupu. Petru aliyaandika kwa mkono wake. Na wewe alikuandika kwa wafu, tangu ile Oktoba. Mama yako alilisikia jina lako likisomwa, akakufanyia arobaini. Alichemsha ngano, akaitia sukari na jozi, akaigawa mlangoni pa kanisa, watu wakala wakakuombea pumziko.

Umeshaombolezwa, Sever. Miaka thelathini sasa. Unataka nini tena?

Veturia Hanciu


Nürnberg, 29 Septemba 2012

Shemeji,

Nisamehe, nitaendelea kukuita hivyo, sijui jina jingine.

Barua yako nimeisoma nimesimama. Kisha nikakaa. Habari ya mama yangu siwezi hata kuiandika. Nilimwandikia kila mwezi, miaka minane, na leo najua hakupata hata moja.

Lakini la Petru haliniingii akilini, na itabidi nikwambie jambo nililolificha ili nisimharibie kwako. Petru alijua. Tulipanga wote wawili. Tulikuwa tubaki pamoja.

Asubuhi baada ya mechi walitupeleka kwenye duka moja kubwa, orofa nne, tununulie familia zawadi kabla ya ndege. Alikuwepo yule afisa wa usalama aliyeandikwa kwenye msafara kuwa ni mkandaji, ambaye hajawahi kukanda hata goti la mtu. Mlango wa nyuma ulikuwa upande wa nguo za watoto. Tulipofika pale Petru akasimama. Akaniambia, "Vetu ana mimba. Siwezi." Nikamwambia basi na mimi siendi. Akanisukuma kifuani, kama anavyonisukuma nikichelewa kutoka golini. "Toka, kipa. Huyu nitamshika mimi." Akachukua koti jekundu la mtoto, akamwendea yule afisa, akaanza kumuuliza, hili litamtosha mtoto wa miaka mingapi, na vifungo hivi si vitakatika, na wewe mkeo anapenda rangi gani. Nilimsikia mpaka nimefika barabarani. Mtu ambaye hata mwamuzi alikuwa hamsemeshi.

Koti hilo ulilipata?

Kwa hiyo niambie: mtu yule yule alirudi nyumbani akaniweka na wafu? Wewe na mimi tumelelewa kijiji kimoja, tunajua maana yake. Aliye hai akisomwa upande wa wafu hukauka taratibu, na anayemwandika anajua anachofanya. Nami nimekauka, shemeji. Huku sikudaka tena hata mechi moja. Kwanza shirikisho lilinifungia mwaka mzima kwa kutoroka, kisha goti, kisha kiwanda cha betri. Mke wangu aliondoka, akisema anaishi na mtu aliyekufa zamani. Nilikuwa nadhani ni bahati mbaya tu.

Sikukwambia kwamba tarehe 6 Novemba wananipasua moyo. Daktari anasema nusu kwa nusu. Jumamosi ya wafu ya vuli mwaka huu ni tarehe 3. Nakuomba mambo mawili na sitakusumbua tena. Itoe ile karatasi ya zamani uangalie mwandiko, kama kweli ni wa Petru. Na hata kama ni wake, nihamishe. Nirudishe upande wa walio hai kabla hawajanilaza kwenye ile meza.

Sever


Nürnberg, 20 Oktoba 2012

Shemeji Veturia,

Hujajibu, na posta kutoka kwenu siku hizi ni siku sita, nimemuuliza mpwa wa Tiberiu.

Nimekaa nikafikiri. Miaka minne na miezi minne shimoni, mtu anaweza kubadilika. Mimi nilikuwa ninakula, ninalala, ninalipwa kwa betri, na yeye anatambaa gizani kwa sababu yangu. Kama aliniandika kwa wafu, alikuwa na haki. Hata mimi ningejiandika.

Ila nitakwambia kilichoniuma. Dunia nzima ilinihesabu msaliti, na nikasema sawa, maana yupo mmoja anayejua kwa nini nilipita mlango ule. Huyo mmoja alinitosha. Sasa naye sinaye.

Usijisumbue tena na karatasi.

Sever


Poiana Surdă, 3 Novemba 2012

Shemeji Sever,

Nimetoka kanisani sasa hivi, sijavua hata kitambaa. Barua zako mbili zimekaa kwenye droo ya jikoni, na kila nikichukua kijiko naziona. Nilikuwa natafuta njia ya kukujibu bila kusema, haikupatikana.

Nilikudanganya. Petru hakukuandika kwa wafu hata siku moja.

Karatasi zake zote ninazo, kwenye kopo la sabuni. Nimezitoa, nimezisoma moja moja. Kila Jumamosi, tangu ulipotoroka mpaka Jumamosi ya mwisho ya uhai wake, jina lako liko upande wa walio hai, namba moja, kwa sababu alipanga majina kama anavyopanga timu, na timu inaanza na kipa. Padri Visarion alikuwa akilisoma kwa sauti, "Sever", na Sever mji mzima ni wewe peke yako. Watu walikuwa wanaangalia viatu vyao. Walikuwemo wa kupeleka maneno, na yalipelekwa. Mara mbili waliniambia kwa upole kwamba Petru akiliondoa jina lile atapandishwa juu, apewe kazi ya ghalani. Nilimpigia magoti. Nikamwambia, futa, Petru, una mtoto. Alikuwa ameshika kalamu, kucha nyeusi hazitakati hata kwa magadi. Akanijibu, "Timu haipangwi na mke wa beki."

Habari ya duka hakuniambia. Miaka yote nilijua ulimtoroka amelala. Sasa naelewa alinificha nini: kwamba alirudi kwa ajili yangu na ya mimba yangu, na kwa kurudi huko akafa. Alijua nikijua sitaweza kukuchukia, nitabaki na kujichukia mwenyewe. Koti tulilipata. Lilikuwa kubwa, Lidia alilivaa mpaka akaingia shule. Nilikuwa namwuliza Petru kwa nini hakutazama saizi, na yeye anacheka.

Siku ya tisa baada ya kumzika nilikaa kuandika karatasi mpya. Petru nikamshusha kwa wafu. Kalamu ikiwa bado mkononi, nikakushusha na wewe chini yake. Sikukosea mstari, Sever. Nilijua ninachofanya. Nilitaka ufe.

Mama yako sikumkumbuka. Hilo ndilo linalonichoma. Nilikuwa na hasira na wewe tu, nikasahau kwamba Mama Floarea husimama kwenye nguzo ya kushoto kila Jumamosi, anasubiri kusikia mwanawe akisomwa kwa walio hai, maana barua hazifiki na hiyo ndiyo habari pekee aliyokuwa anaipata. Jumamosi ile walio hai wakaisha bila wewe. Alidhani padri karuka. Kisha akakusikia kwa wafu. Hakupiga kelele. Alinisubiri nje akaniuliza, "Vetu mwanangu, umezipata wapi habari?" Ningeweza kusema nimekosea. Ningesema kalamu imeteleza, akaenda nyumbani. Nikasema, "Kwa watu."

Siku ya arobaini bakuli la kwanza la ngano alinipa mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyemletea habari, akasema Mungu anilipe. Nikala. Aliishi miaka miwili zaidi, na kila Jumapili aliwasha mshumaa upande usio wako.

Leo nimeandika karatasi kwa mkono wangu. Nimekurudisha kwa walio hai, namba moja, alipokuwa anakuweka Petru. Padri wa sasa ni kijana, hamjui mtu, lakini amesoma vizuri, polepole. Nilisimama kwenye nguzo ya mama yako. Uliposomwa, Tiberiu alikuwa nyuma yangu, akasema kwa sauti, kanisani humo, "Yupo."

Jumanne ukiingia kwenye kile chumba, ujue hivyo. Huna deni na Petru. Aliyekuandika vibaya ni mimi, na kama kuna kukauka, kuje kwangu. Ukitoka, nijibu hata mstari mmoja, hata kunitukana. Natuma leo hii, kwa njia ya haraka.

Shemeji yako,
Veturia


Nürnberg, 14 Novemba 2012

Mheshimiwa Mama Hanciu,

Naitwa Karin Dragotă. Lugha yenu naiongea kwa sababu ya baba, kuandika nimejifundisha, naomba unisamehe makosa.

Barua yako ya tarehe 3 ilichelewa njiani, ikafika Ijumaa ya tarehe 9. Tulikuwa tumemzika baba Jumatano.

Hospitali ilipata nafasi mapema, wakamwita tarehe 30 Oktoba. Alikwenda mwenyewe kwa basi na begi lake. Alifariki asubuhi ya tarehe 1, hakuamka baada ya upasuaji. Nimehesabu mara nyingi, mama. Mlipomsoma kwa walio hai alikuwa amekufa siku mbili.

Naona ni haki ujue alivyokuwa, ingawa sitaki kukuumiza. Tangu Septemba alikuwa haongei sana. Nilimuuliza kama anataka padri wa kwenu, yupo mmoja hapa mjini. Akasema hapana, asisumbuliwe, yeye ameshasomwa. Nilidhani ni dawa zinamchanganya. Nilipomuuliza nani amemsoma, alisema, "Nahodha wangu." Kwa hiyo tumemzika bila padri. Barua yako ndiyo iliyonifahamisha alichokuwa anasema.

Nimeisoma mbele ya kaburi, yote, kwa sauti. Sijui kama inasaidia kitu.

Aliniambia aliomba picha. Kama bado ipo, ningependa kuiona, hata hiyo yenye kichwa cha mtu mwingine.

Karin


Poiana Surdă, 24 Novemba 2012

Karin mwanangu,

Pole. Neno lenyewe kutoka kwangu halina uzito, lakini sina jingine.

Picha iko ndani ya bahasha hii. Niliweka birika jikoni, nikaishikilia juu ya mvuke. Tiberiu alikuja kunisaidia, alisema amengoja miaka thelathini na moja kukitoa kichwa chake pale. Gundi ilikuwa ya serikali, ikaachia kirahisi. Chini yake alikuwepo baba yako, mzima, hakuchubuka. Ni yule aliyeshika mpini wa kushoto wa Kombe, na bandeji kwenye kidole. Mpini wa kulia ni Petru. Baba yako amefumba macho, mpiga picha alimkuta anapepesa. Nilikuwa nimesahau kwamba kila mtu alimcheka kwa hilo.

Nilimwendea padri nikamweleza yote, kuanzia mwanzo. Hakunifukuza. Alisema wafu hawakosi kusikia kwa sababu ya karatasi, ila karatasi lazima iseme kweli. Kwa hiyo jana, kwa usomaji wa leo Jumamosi, ilinibidi nimshushe tena kwa wafu, kwa mkono huu huu, mara ya pili. Ile ya kwanza niliandika haraka. Hii ilinichukua mchana wote. Ngano ya arobaini nitaichemsha mimi, tarehe 10 Desemba, na safari hii nitagawa, sitakula.

Uwanjani wameanza kuchunga mbuzi. Kombe nimempa mwalimu wa shule aliweke kwenye kabati la kioo, na chini yake nimeandika majina kumi na moja, la kwanza Sever Dragotă, kipa.

Upande wa walio hai wa karatasi ya timu yamebaki majina mawili, Tiberiu na mimi. Baba yako angetaka na lako liwepo, naamini hivyo. Kama umebatizwa, niandikie jina la ubatizo, nitalipeleka kila Jumamosi. Na usiponiandikia nitaelewa, Karin. Hata mimi jina la mwanangu nisingemkabidhi mtu kama mimi.

Veturia Hanciu,
mfua jezi